Risasi Isiyo ya Risasi: Somo la Madini, Mwendo na Umbali

Magofu ya Kaole, yaliyo umbali wa kilometa tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, hujulikana zaidi kwa msikiti wake wa karne ya 13 na kwa makaburi yake ya mawe ya matumbawe. Lakini mahali hapo pana nafasi pia katika historia ya silaha za moto. Kabla Bagamoyo haijawa bandari kuu ya misafara, Kaole palikuwa na kituo cha askari Wabulushi wa Sultani wa Unguja, ambao silaha yao ilikuwa bunduki ya mrao. Mwezi Juni mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walianzia Kaole safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika, na katika mizigo ya wapagazi wao zilikuwamo baruti, fataki za shaba, na risasi zilizokwisha kusubiwa.

Katika mizigo hiyo kila madini yalikuwa na kazi yake. Shaba ilishika unga mkali wa fataki unaolipuka ukigongwa; madini ya risasi ndiyo yaliyoruka kwenda kwenye shabaha. Mgawanyo huo ulidumu kwa karne nyingi, lakini sasa umeanza kubadilika. Wapigaji shabaha wa masafa marefu, pamoja na wawindaji wa nchi kadhaa, hutumia risasi iliyochongwa kutoka katika kipande kimoja cha shaba, bila chembe ya madini ya risasi ndani yake. Makala haya yaeleza sababu za mabadiliko hayo, faida zake, na mipaka ambayo maumbile ya shaba yenyewe huiweka.

JINA NA MADINI

Kiswahili kilipokea neno risasi kutoka Kiarabu, ambamo lina maana ya madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Kwa kuwa madini hayo ndiyo yaliyotumika kila mahali katika bunduki, jina lake likawa jina la kitu kirushwacho na bunduki. Ili kuepuka mchanganyiko, katika makala haya neno risasi likiwa peke yake lina maana ya kitu hicho kirushwacho. Na madini yenyewe yataitwa madini ya risasi.

Sababu za kuchaguliwa kwa madini hayo ni mbili. Ya kwanza ni uzito. Sentimita moja ya ujazo wa madini ya risasi ina gramu 11.34, hali ya shaba ina gramu 8.96 na chuma gramu 7.87. Mvuvi wa pwani aijua sifa hii: chubwi la madini ya risasi, dogo kama kidole, huzamisha mshipi upesi kuliko jiwe kubwa. Kipimo hicho cha gramu katika kila sentimita ya ujazo huitwa densiti, nacho ndicho ufunguo wa somo hili lote.

Sababu ya pili ni wepesi wa kuyeyuka. Madini ya risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za Sentigredi, na joto hilo hupatikana katika jiko la mkaa la kawaida. Mwenye gobore aliweza kuketi uani kwake na kalibu na sufuria kuukuu, akasubu risasi za kumtosha mwezi mzima. Shaba huyeyuka katika nyuzi 1,085. Mafundi wa pwani hawakushindwa na joto hilo, kwani Kilwa ilitengeneza sarafu za shaba tangu karne ya 11. Lakini kazi hiyo hutaka tanuri, mivukuto na ustadi mwingi. Isitoshe, shaba iliyosubiwa huweza kubaki na vitundu vya hewa ndani yake, jambo ambalo si kitu katika sarafu lakini ni kasoro kubwa katika risasi.

JINSI SHABA ILIVYOINGIA KATIKA MTUTU

Gobore lilikuwa na mtutu laini, na risasi yake ilikuwa ya duara. Risasi ya namna hiyo hupoteza mwendo upesi na kwenda upande. Hatua kubwa ya mbele ilikuwa kuchonga ndani ya mtutu mifereji inayozunguka kama uzi wa parafujo. Risasi ikipita humo hushikwa na mifereji na kulazimika kuzunguka. Kwa kuwa risasi izungukayo haipinduki hewani, iliwezekana sasa kuifanya ndefu na yenye ncha.

Bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871 ilikuwa ya namna hiyo. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado wanaitumia vita vilipoanza mwaka 1914. Ilirusha risasi ya madini ya risasi yenye gramu 25 hivi kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi mwingi uliomfichua mpigaji.

Baruti isiyo na moshi ilipovumbuliwa nchini Ufaransa mwaka 1884, kasi ya risasi iliweza kupanda kupita mita 600 kwa sekunde. Hapo ulaini wa madini ya risasi uligeuka kuwa udhaifu. Risasi ilichubuka katika mifereji badala ya kuifuata, na mabaki yake yalijaza mtutu. Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi alikuwa amekwisha kupata njia ya kuondoa taabu hiyo: kuivika risasi gamba jembamba la shaba. Gamba lilishika mifereji, na kiini cha madini ya risasi kikaleta uzito. Muundo huo ndio ulioenea duniani.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1898 walianza kutengeneza risasi ya bunduki ya Lebel kwa aloi ya shaba na zinki peke yake, bila kiini. Ilikuwa na ncha kali mbele, na nyuma ilipunguzwa unene mfano wa tezi la chombo, ili hewa iifunge njia yake taratibu. Risasi hiyo ilitumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo risasi ya shaba tupu ni kitu cha zamani kuliko wengi wadhanivyo.

Pwani ya Bagamoyo nayo iliiona kazi ya shaba katika silaha kubwa. Mwezi Agosti mwaka 1916 manowari za Waingereza ziliupiga mji huo kwa mizinga kabla ya kuuteka. Makombora ya mizinga ya aina ile yalikuwa ya chuma cha pua, nacho ni kigumu mno kushikwa na mifereji. Ndiyo maana kila kombora lilivikwa mshipi wa shaba, na mshipi huo ndio ulioingia katika mifereji na kulizungusha kombora zima. Shaba ni ngumu kiasi cha kutochubuka, na laini kiasi cha kutoharibu mtutu.

DENSITI NA UREFU

Chukua risasi mbili zenye tungamo sawa la gramu 10, na kipenyo sawa cha milimita 7.82, ambacho ni cha bunduki nyingi za kawaida. Moja ni ya madini ya risasi tupu, nyingine ya shaba tupu. Ili kurahisisha hesabu, zichukuliwe kuwa na umbo la mcheduara, yaani kama kipande cha mwanzi kisicho na ncha.

Eneo la duara lenye kipenyo hicho ni sentimita 0.48 za mraba. Urefu hupatikana kwa kugawanya tungamo kwa densiti na kwa eneo:

Madini ya risasi: 10 ÷ (11.34 × 0.48) = sentimita 1.84.
Shaba: 10 ÷ (8.96 × 0.48) = sentimita 2.32.

Risasi ya shaba imezidi kwa urefu wa milimita tano karibu, yaani kwa zaidi ya robo. Risasi halisi huwa na ncha, basi huwa ndefu zaidi ya hivyo, lakini uwiano wa madini mawili haubadiliki. Milimita tano zaonekana ni jambo dogo. Hata hivyo zagusa kila kitu kinachofuata: nafasi ya baruti katika ganda, msokoto wa mtutu, na njia ya risasi hewani.

PIA YA MTOTO NA MSOKOTO WA MTUTU

Mtoto achezapo pia huona kwamba ikizunguka kwa kasi husimama wima juu ya ncha yake, na ikichoka huyumba na kuanguka. Risasi hufuata kanuni hiyo hiyo. Hewa huisukuma ncha yake kutaka kuipindua, na mzunguko wake huizuia isipinduke. Kadiri risasi inavyokuwa ndefu, hewa hupata nguvu zaidi ya kuipindua, kama vile pia ndefu iwiavyo vigumu kusimamisha kuliko pia fupi. Basi risasi ndefu yataka mzunguko wa kasi zaidi.

Mwaka 1879 mwanahesabu Mwingereza Alfred George Greenhill, aliyekuwa mwalimu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni nyepesi ya kukadiria msokoto unaotakiwa. Gawanya 150 kwa urefu wa risasi uliopimwa kwa vipenyo vyake, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha densiti iliyogawanywa kwa 10.9. Jibu ni umbali, kwa vipenyo, ambao risasi huusafiri mtutuni ikikamilisha mzunguko mmoja.

Kwa risasi ya kwanza ya mfano uliopita, jibu ni vipenyo 65, yaani mzunguko mmoja katika kila sentimita 51. Kwa risasi ya shaba ni vipenyo 46 hivi, yaani mzunguko mmoja katika kila sentimita 36. Tofauti ni kubwa. Mtutu uliotosha risasi ya zamani huenda usitoshe risasi ya shaba ya tungamo lile lile. Risasi itatoka ikiyumba, na kufika kwenye shabaha ubavu mbele.

Kanuni hii ni ya makadirio tu, na risasi zenye ncha ndefu hutaka msokoto mkali zaidi ya inavyoonyesha. Kwa sababu hiyo bunduki za masafa marefu huwa na mzunguko mmoja katika sentimita 25 hivi, au pungufu. Risasi itokayo katika mtutu huo kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde huzunguka zaidi ya mara 3,000 katika sekunde moja.

HEWA NDIYO ADUI

Wengi hudhani kwamba adui wa risasi ni mvuto wa ardhi. Mvuto huivuta kweli: katika sekunde ya kwanza huiangusha kiasi cha mita 4.9, iwe ya madini yoyote. Lakini hewa ina nguvu zaidi. Kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, risasi nyembamba ya gramu 10 hukutana na ukinzani wa hewa wa nyutoni 5.5 hivi, hali uzito wake wenyewe haufiki hata nyutoni 0.1. Hewa huirudisha nyuma kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 50.

Uwezo wa risasi kustahimili ukinzani huo wategemea uwiano wa tungamo na eneo lake la mbele. Mtumbwi mzito na mwembamba huendelea mbali baada ya kasia kuinuliwa, na mtumbwi mpana na mwepesi husimama upesi. Ikiwa risasi mbili zina urefu na umbo sawa, ile ya shaba itakuwa na tungamo pungufu kwa moja ya tano, basi itapoteza kasi upesi zaidi. Mtengenezaji anayetaka kulipa pengo hilo hana budi kuirefusha risasi na kuichonga ncha nyembamba sana. Na hapo hurudi kwenye suala la msokoto.

Hesabu fupi yaonyesha uzito wa jambo hili. Risasi isafiriyo mita 600 kwa kasi ya wastani ya mita 650 kwa sekunde huchukua sekunde 0.92, na mvuto huishusha mita 4.2. Kasi ya wastani ikipungua hadi mita 620, safari huchukua sekunde 0.97 na risasi hushuka mita 4.6. Upungufu mdogo wa kasi umeishusha risasi kwa sentimita 40, ambazo zatosha kabisa kuikosa shabaha.

FAIDA YA KEREZO

Ikiwa densiti yake ni pungufu, kwa nini wapigaji wa masafa marefu huichagua shaba? Jibu limo katika utengenezaji. Risasi yenye gamba ni ya vipande viwili. Gamba likiwa nene upande mmoja, au kiini kikiwa na uwazi mdogo, kitovu cha uzito hakiwi tena juu ya mhimili wa mzunguko. Risasi ya shaba hukerezwa kutoka katika fimbo moja, kwa mashine inayopima kila sehemu yake.

Athari ya kasoro ndogo yaweza kukadiriwa. Kitovu cha uzito kikihama kwa sehemu moja tu ya mia ya milimita, risasi izungukayo mara 3,150 kwa sekunde hutoka mtutuni ikiwa na mwendo wa kwenda upande wa mita 0.2 kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 100, kosa hilo ni sentimita mbili na nusu. Kwa mita 900 ni sentimita 22. Hivyo usahihi wa kerezo, ambao karibu hauonekani kwa umbali mfupi, hujidhihirisha kwa umbali mrefu.

Shaba tupu ina taabu yake pia ndani ya mtutu. Ugumu wake huongeza msuguano na shinikizo la gesi, kwa kuwa madini yaliyobanwa na mifereji hayapati mahali pa kukimbilia. Watengenezaji wengi huichonga risasi vifuo vya mviringo ubavuni, na kubakiza mishipi michache tu ya kushika mifereji. Ni kanuni ile ile ya makombora ya mwaka 1916, iliyopunguzwa kufikia upana wa kidole.

BAADA YA KUGONGA

Hadi hapa somo limehusu shabaha ya karatasi au ya chuma. Katika uwindaji kuna suala zito zaidi. Madini ya risasi ni sumu kwa ubongo, figo na damu, na Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mwili wa binadamu. Watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi.

Risasi yenye kiini laini igongapo mnyama hupasuka. Picha za eksirei za mizoga zimeonyesha vipande vidogo kwa mamia, vingine vikiwa mbali na jeraha na vidogo kupita uwezo wa jicho kuviona. Mwindaji akatapo nyama iliyoharibika na kuitupa, vipande vingine hubaki katika nyama nzuri. Jambo hili lina maana katika Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii hutoa nyama kwa vijiji, na ambako kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu maduka maalumu ya kuuza nyamapori.

Waathirika wengine ni tumbusi. Ndege hawa hukusanyika kwa makumi juu ya mabaki ya mnyama mmoja, na asidi kali ya matumbo yao huyeyusha vipande vya madini na kuviingiza katika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu tumbusi wenye mgongo mweupe nchini Botswana ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya waliopimwa walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi cha kawaida, na kwamba kiasi kilipanda katika msimu wa uwindaji na katika maeneo ya uwindaji. Aina hiyo ya tumbusi, iliyopo pia Tanzania, iliwekwa mwaka 2015 katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Adui wao mkubwa ni sumu itiwayo katika mizoga kwa makusudi. Madini ya risasi huongeza mzigo juu ya mzigo. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, hairuhusu uwindaji, lakini tumbusi huruka mamia ya kilometa na hawaijui mipaka ya ramani.

Risasi ya kisasa ya shaba kwa ajili ya uwindaji ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1989. Ncha yake ina tundu. Igongapo hufunguka kama ua na kubaki kipande kimoja, ikihifadhi karibu tungamo lake lote. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013 ya kukomesha madini ya risasi katika uwindaji, na sheria hiyo ikatumika kikamilifu tangu tarehe 1 Julai 2019, hasa kwa ajili ya kumlinda kondori, jamaa wa mbali wa tumbusi.

Yafaa kuongeza kwamba shaba nayo haikosi madhara. Merikebu za Ulaya zilivikwa mabati ya shaba tangu karne ya 18 kwa sababu shaba huua viumbe vya bahari vinavyong'ang'ania ubao, kazi ambayo mafundi wa majahazi wa pwani hii waliifanya kwa shahamu. Lakini mwili wa ndege na wa binadamu huhitaji shaba kidogo, na kipande kimoja kisichopasuka huingiza kidogo sana katika chakula.

MPAKA WA UMBALI

Hapa ndipo somo la mwendo na somo la afya hukutana. Ili ifunguke, risasi ya shaba yahitaji kugonga kwa kasi kubwa, mara nyingi mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Kiini laini cha madini ya risasi hufunguka kwa kasi ndogo kuliko hiyo. Risasi ya shaba iliyopoteza kasi njiani humtoboa mnyama bila kufunguka, naye huweza kukimbia akiwa na jeraha, na kufa mbali pasipo faida kwa yeyote.

Kwa hiyo risasi inayofaa kupiga bamba la chuma kwa mita 900 haifai kwa sababu hiyo peke yake kumpiga mnyama kwa umbali huo. Mwindaji atumiaye shaba hana budi kujua kasi ya risasi yake katika kila umbali, kuhakikisha kwamba msokoto wa mtutu wake watosha, na kusogea karibu zaidi na mnyama. Sharti hilo la mwisho si hasara. Wawindaji wa gobore walilitii kila siku, kwa kuwa silaha yao haikuwapa hiari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Risasi ya shaba yenye umbo la mcheduara ina gramu 12 na eneo la mbele la sentimita 0.48 za mraba. Urefu wake ni sentimita ngapi? (Jibu: 2.79.)

2. Risasi imechukua nusu ya sekunde kufika kwenye shabaha. Mvuto wa ardhi umeishusha kwa kiasi gani? (Jibu: mita 1.2 hivi.)

3. Eleza kwa nini risasi ya shaba yataka msokoto mkali kuliko risasi ya madini ya risasi yenye tungamo na kipenyo sawa.

4. Kijiji kimepewa nyama ya nyati aliyepigwa kwa risasi yenye kiini cha madini ya risasi. Eleza kwa nini kukata sehemu ya jeraha peke yake hakutoshi kuiondoa hatari.